Mashauri ya Nyumbani: Pikapu ya Marehemu Baba

Tumeletewa barua na kijana mmoja wa Kanyaruchinya, katika wilaya ya Nyiragongo, kilomita chache kaskazini ya mji wa Goma kwenye barabara iendayo Rutshuru. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa shauri lenyewe ni la nyumbani mwao. Baba yake, Mungu amrehemu, alimwachia mama na watoto sita shamba dogo, nyumba ya mbao, na pikapu ya Peugeot 404 iliyokuwa ikichukua makabeji na viazi kutoka Kibumba mpaka soko la Virunga mjini Goma. Injini ilikufa katikati ya mwaka 2022, na giaboksi ilikuwa imeanza kugoma kabla ya hapo. Miezi michache baadaye vita vilifika Kibumba, na Kanyaruchinya ikajaa maelfu ya watu waliokimbia makwao. Kijana asema motokaa za jirani zilitwaliwa au ziliondoka na wenyewe wasionekane tena. Hii ya kwao ilisalimika kwa kuwa haikuweza kwenda.

Sasa nyumba imegawanyika. Baba mdogo ataka iuzwe kwa kilo, kama chuma chakavu. Fundi wa mjini asema aweza kuitia injini ya Toyota pamoja na giaboksi yake, nayo itakwenda baada ya majuma mawili. Mama asema motokaa ya marehemu irudishwe kama alivyoiacha, la sivyo ikae chini ya turubali mpaka naye aondoke duniani. Naye kijana, ambaye ndiye mkubwa na ndiye atakayelipa, atuuliza: injini na giaboksi za wakati wake zapatikana wapi, na je, ni busara kuzitafuta?

Tutaanza na swali la kwanza, maana asiyejua kitu kilipo wala kilivyo hawezi kukata shauri juu yake.

Motokaa ya Peugeot 404 ilitolewa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Pikapu, ile yenye turubali nyuma, ilifuata mwaka 1967. Motokaa ya abiria iliachwa kutengenezwa Ufaransa mwaka 1975, lakini pikapu iliendelea mpaka mwaka 1988, miaka 13 zaidi, kwa kuwa wanunuzi wa nchi za mbali, na hasa wa Afrika, hawakukubali kuiacha. Huko Kenya zilikuwa zikiunganishwa hata baada ya Ufaransa kukoma.

Sifa hiyo haikuja bure. Wazee wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wayakumbuka mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404 iliyashinda mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na vivyo hivyo mwaka 1968, matope yalikuwa mengi hata zikafika mwisho motokaa 7 tu katika zote zilizoanza, na mara zote mbili ya kwanza ilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Miaka miwili ya katikati mshindi alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Baada ya hayo, mwenye duka, mwalimu, daktari na padre wa misheni walijua la kununua. Ndiyo sababu hata leo, ukitafuta mabaki ya 404, huna haja ya kuandika barua Ulaya kabla ya kutazama karibu.

Lakini atafutaye sharti ajue anatafuta nini. Barua ya kijana wetu haikutuambia kama pikapu yao ni ya petroli au ya dizeli, wala haikutuletea namba za injini. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya. Achukue brashi ya waya na mafuta ya taa, asafishe ubavu wa bloku mpaka aone mahali palipolainishwa na kupigwa herufi na namba. Akiona herufi XB, hiyo ni injini ndogo ya petroli, ya sentimita za ujazo 1,468, yenye pistoni za milimita 80. Akiona XC, ni ile kubwa ya 1,618, yenye pistoni za milimita 84. Zote mbili pistoni yake husafiri milimita 73, juu na chini. Akiona XD, hiyo ni dizeli, na namba ifuatayo ndiyo upana wa pistoni: XD85 ina milimita 85, XD88 ina milimita 88. Hivyo injini yenyewe hujitaja jina, mradi mtu aioshe uso. Aandike herufi na namba hizo katika daftari, aandike na namba ya chasisi, kisha azilinganishe na karatasi za motokaa. Tumeona watu wakisafiri siku tatu kutafuta kitu ambacho hawakukijua jina, wakarudi na kitu kingine.

Tena ajue kwamba injini ya petroli ya 404 haikusimama wima kama nyingine. Imelazwa ubavu kwa pembe ya digrii 45, ili boneti iwe ya chini. Kwa hiyo mikono inayoishika, bakuli la mafuta chini yake, na bomba la moshi, vyote vimefanyizwa kwa ulalo huo.

Nyuma ya injini yafuata giaboksi, ambayo mafundi wa Goma, kwa kuwafuata Wafaransa, huiita bwate. Katika 404 za mwanzo gia zilipangwa kwa namna ya kumchanganya dereva mgeni. Mnamo mwaka 1967 ikaja giaboksi nyingine, iitwayo BA7, yenye gia nne za mbele zilizopangwa kama watu walivyozoea. Hiyo hiyo ilitumika baadaye katika Peugeot 504 na hata 505. Hii ni habari njema kwa kijana wetu, maana 504 zilikuwa nyingi sana Afrika ya Mashariki na ya Kati, na BA7 iliyo nzima ni rahisi kupatikana kuliko injini iliyo nzima.

Na nyuma ya giaboksi kuna jambo ambalo fundi wa Toyota pengine hakulifikiri. Katika motokaa nyingi mtaimbo upelekao nguvu magurudumu ya nyuma huzunguka wazi chini ya sakafu. Katika 404 mtaimbo huo umefichwa ndani ya bomba nene, na bomba hilo limefungwa na giaboksi kwa kiungo cha mviringo mfano wa nyonga ya mtu. Bomba ndilo lisukumalo motokaa yote mbele. Mwisho wake, katika ekseli, hakuna meno ya kawaida, bali kuna skrubu kubwa ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi. Ni kazi nzuri kuitazama, na hudumu miaka mingi, ila haipendi mafuta makali ya gia yenye salfa, kwa kuwa salfa huila bronzi.

Sasa msomaji ataona mwenyewe maana ya kutia injini ya Toyota. Injini ya Toyota husimama karibu wima. Basi mikono ya kuishika haina budi kukatwa na kuungwa mingine. Giaboksi yake haina kile kiungo cha nyonga. Basi bomba lazima litupwe, na likitupwa bomba, ekseli haina tena kitu cha kuishika isirudi nyuma, kwa hiyo nayo hutupwa. Ekseli ya Toyota ikija, yaja na breki zake, na matundu ya magurudumu hayalingani na ya mbele, hata dereva achukue magurudumu mawili ya akiba. Gia ya 404 iko kwenye mti wa usukani; ya Toyota yatoka sakafuni, basi sakafu itobolewe. Fundi alisema majuma mawili. Hatumwiti mwongo, ila twadhani alihesabu injini tu, hakuhesabu kilicho nyuma yake. Na mwisho wa kazi hiyo kitu kitakachosimama uani si 404 wala si Toyota, na siku kitakapoharibika hakuna fundi atakayejua aanzie wapi isipokuwa yule yule aliyekiunga, kama bado yuko mjini.

Kwa hiyo mama wa kijana, ingawa asema kwa sababu ya mapenzi, amesema neno ambalo hata mhandisi angelisema. Injini, giaboksi, bomba na ekseli za 404 ni ukoo mmoja. Ukimwoza mmoja nje ya ukoo, wote watadai mahari.

Je, injini imekufa kweli? Twasikia mafundi wakisema injini imekufa kabla hata hawajamshika mgonjwa mkono. Peugeot walizitengeneza injini hizi zipate kufufuka. Pistoni hazitembei ndani ya bloku yenyewe, bali ndani ya laina, yaani mikebe minene ya chuma iliyotiwa ndani ya bloku, na maji ya kupoza huzunguka nje yake. Laina zikilika hazihitaji mashine ya kuchonga. Huvutwa nje, zikatiwa nyingine mpya pamoja na pistoni na ringi zake, na bloku yarudi kuwa kama mwanzo. Kazi hii yaweza kufanywa katika kibanda cha mabati, mradi fundi awe na mikono safi na apime vizuri: kila laina sharti itokeze juu ya bloku kiasi kidogo kile kile kama wenzake, kwa unyoya wa chuma wa kupimia, wala si kwa jicho. Na mipira ya chini ya laina iwe mipya, kwa sababu mpira wa zamani ukivuja, maji huingia katika mafuta, nawe utayaona yamegeuka rangi ya maziwa.

Basi twamwomba kijana kwanza afungue kichwa cha injini, atazame. Kama krenki haikukatika, na bloku haina ufa, hiyo ndiyo injini ya wakati wake kuliko zote, na namba zake ni zile zile zilizoandikwa katika karatasi za baba yake. Kichwa cha injini ni cha alumini, nacho hupindika motokaa ikichemka. Aweke rula ya chuma iliyonyoka juu yake na kuitazama dhidi ya jua. Mwanga ukipita chini, kichwa kimepinda. Kikipinda kidogo chaweza kusawazishwa kwenye mashine. Gharama ya laina, pistoni, mabeleringi na gasketi ni kitu. Lakini si gharama ya injini nzima, tena haivuki mpaka ikiwa na uzito wa kuhitaji watu wanne.

Ikiwa bloku imepasuka, ndipo safari ianze. Na hapa twaeleza daraja za kufaa, maana watu husema "ya asili" bila kufikiri. Injini ya kwanza kwa kufaa ni yenye herufi zile zile. Ikikosekana, anayeitwa XB apokee XC, maana ni ndugu wa karibu. Ikikosekana hiyo nayo, kuna injini ya 504. Motokaa hiyo ilitoka mwaka 1968 na injini ya 1,796, ambayo pistoni zake ni za milimita 84 vile vile kama za XC, ila husafiri milimita 81 badala ya 73. Baadaye ikaja ya 1,971, yenye pistoni za milimita 88. Zote mbili zimelazwa ubavu kama ile ya 404. Mafundi wengi wamezitia katika 404, na motokaa ikapanda mlima vizuri zaidi. Kweli, mtu mwenye macho makali atasema si ya mwaka wake. Sisi twasema ni mtoto wa ukoo. Lakini kuitoa petroli na kutia dizeli, au kinyume chake, hatumshauri, maana mengi hubadilika pamoja nayo.

Wako watu wasiokubali hata mtoto wa ukoo. Tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano ya Safari ya motokaa za kale, na humo kila kitu sharti kiwe cha zama zake, kama kilivyokuwa siku zile. Matajiri hao, wengine kutoka Ulaya, hununua vyuma vya kale kwa bei ambayo mkulima wa Kibumba hataiweza. Kijana wetu asishindane nao. Kwake yeye neno "wakati wake" lina maana nyepesi: kitu kiingie mahali pake bila kukata, na mama akisikia mlio wake asiseme kwamba huyu ni mgeni.

Wapi basi? Aanze nyumbani. Katika Goma, Rutshuru, Butembo na Bukavu kuna nyua za misheni, za mashamba ya kahawa na chai ya zamani, na za wafanya biashara, ambamo 404 na 504 zimelala katika majani. Aulize madereva wazee, si vijana. Rwanda na Burundi nazo hufaa kuulizwa mapema, kwa sababu huko motokaa hupita upande wa kuume kama Kongo, na usukani uko kushoto. Huko Kampala, soko la Kisekka lajulikana kwa mafundi na vyuma vyake. Nairobi kuna barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado waiita Grogan. Dar es Salaam kuna Gerezani. Lakini katika miji hii mitatu motokaa hupita kushoto na usukani uko kulia. Injini na giaboksi zaweza kutumika, ila vyuma vya kuunganisha gia na mti wa usukani havitalingana. Kwa hiyo kijana asitupe wala asiuze hata kipande kimoja cha injini yake iliyokufa: mikono ya kuishikia, vyuma vya gia, vyuma vya klachi na mabano yake, bomba la moshi, hata nati. Vyote avisafishe, avitie mafuta, avifunge katika mfuko na kuandika jina. Injini mpya itavalishwa nguo za ile ya zamani.

Afikapo kwa mwuzaji, asitazame rangi. Injini iliyopakwa rangi jana ni kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Aizungushe kwa mkono kwa spana: izunguke mizunguko miwili kamili bila kukwama na bila kugonga. Afungue kifuniko cha mafuta na kutazama kama yana rangi ya maziwa. Atoe plagi zote nne, aweke kidole kwenye tundu moja moja huku mwenziwe akizungusha. Pumzi isukume kidole kwa nguvu zinazolingana. Giaboksi aigeuze gia zote nne na ya kurudi nyuma huku akizungusha mtaimbo wake kwa mkono. Akisikia mchanga, aiache. Ayamwage mafuta yake katika chombo cheupe: unga wa njano kidogo ni kulika kwa kawaida, lakini vipande vya meno ni jambo lingine. Na kile kiungo cha nyonga kisiwe na mwanya.

Jambo moja twalisema kwa ukali. Asipeleke fedha kwa simu kwa mtu asiyemjua kwa ajili ya injini aliyoiona katika picha. Goma ilipotwaliwa na M23 mwezi Januari 2025, benki za mji zilifungwa, na watu wengi wakabaki wakitegemea fedha za mkononi na za simu. Fedha za simu zikishakwenda hazirudi. Afadhali nauli ya mtu mmoja mwaminifu, akaione injini kwa macho yake na kuigusa, kuliko arubuni iliyopelekwa gizani. Anunuapo, adai hati ya kununulia yenye namba ya injini, jina la mwuzaji na muhuri, kwa kuwa injini nyingi zilizoibwa huuzwa kama mabaki. Mpakani ataulizwa hati hiyo, na nyumbani ataihitaji ili namba mpya iandikwe katika karatasi za motokaa. Injini isiyo na hati yaweza kuitia motokaa nzima gerezani. Njia nazo zimebadilika mara nyingi tangu Bunagana ilipotwaliwa mwezi Juni 2022. Aulize wachukuzi walioipita njia hiyo juma lile lile, asitegemee habari za mwezi uliopita.

Kutoka mpakani mpaka nyumbani hatuna wasiwasi. Mji uliomjengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara hautashindwa kumfikishia mtu injini. Chukudu la mbao, lililo zima, huchukua mamia ya kilo. Ila njia ya Kanyaruchinya ni ya kupanda, basi awaajiri wa kusukuma.

Sasa lile swali la pili, la busara. Hapa hatuna budi kusema na mama pia, kama mwanawe atamsomea.

Mama yetu, motokaa hii haikuwekwa duniani kuwa kaburi la marehemu. Ilikuwa jembe lake. Watoto watano bado wako shuleni, na hakuna gurudumu lizungukalo uani. Kama familia yahitaji chombo cha kuchukua makabeji msimu huu ujao, 404 haitakuwa tayari. Mtu asiyaahidi makabeji kwa injini ambayo bado iko Nairobi. Twaona afadhali msimu huu mzigo uchukuliwe kwa kukodi, au kwa chukudu, na fedha ya ada isiguswe. Shamba lisiuzwe hata robo. Kijana aweke kando kiasi kila mavuno, kiasi ambacho kikipotea nyumba haitalala njaa, na pikapu itengenezwe kwa kiasi hicho: mwezi huu kichwa cha injini, mwezi ujao laina, kisha giaboksi. Ikichukua miaka miwili, ichukue. Imengoja tangu 2022 nayo haikula majani ya mtu.

Na baba mdogo naye asikilizwe. Asema kweli kwamba chuma kilicholala huliwa na kutu. Lakini bei ya kilo hulipwa mara moja, na fedha yake ni ya kununua magunia machache ya unga. Twashauri apewe kazi badala ya neno: yeye awe mwenye kushika daftari la matumizi. Mtu aliyekuwa akipinga, akishika daftari, huwa mlinzi mzuri wa fedha kuliko wote.

Yule fundi wa Toyota asidharauliwe. Siku familia itakapokuwa na uwezo wa kununua chombo cha kazi ya kila siku, yafaa kuwa Toyota, kwa kuwa mabaki yake yapatikana Goma siku ile ile. Lakini iwe Toyota nzima, yenye miguu yake yenyewe.

Yabaki maneno mawili ya huko huko Kanyaruchinya. Vumbi la ardhi yenu si udongo, ni jiwe la volkeno lililosagwa, nalo hukwangua chuma. Lava ya mwaka 2002 na ile ya tarehe 22 Mei 2021, iliyoikata barabara ya Rutshuru, zimeacha vumbi la kutosha kuua injini nyingi. Chujio la hewa lisafishwe kila juma wakati wa kiangazi, na bomba kati yake na kabureta lisiwe na ufa hata wa wembe. Twadhani ndilo lililoiua ile ya kwanza. Na maji ya mvua, ambayo ndiyo mengi kwenu kwa kuwa jiwe la lava halishiki maji, hunyesha yakiwa yamepita katika moshi wa Nyiragongo na kubeba asidi. Asidi hiyo hula alumini ya kichwa cha injini toka ndani. Rejeta itiwe maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu iliyoandikwa kuwa yafaa kwa alumini, na yabadilishwe kwa wakati wake.

Tena Goma iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, nanyi mko juu ya Goma. Hewa ni nyepesi, na kila mita 1,000 hupunguza nguvu za injini karibu sehemu moja ya kumi. Injini iliyotoka Mombasa au Dar es Salaam itatoa moshi mweusi na kunywa petroli mpaka kabureta irekebishwe. Fundi asidhani imeharibika.

Siku itakapowaka, mafuta ya kwanza yamwagwe baada ya kilomita 500 na yatiwe mengine, na boliti za kichwa zikazwe tena injini ikiwa baridi. Kilomita 1,000 za mwanzo isipandishwe mlima na mzigo. Mama akae mbele, wazunguke naye polepole mpaka Kibati na kurudi, pikapu ikiwa tupu. Makabeji ya Kibumba yangoje.